Mgonjwa Asiyefika Daftarini: Historia ya Upimaji wa Ubora na Usalama wa Huduma za Afya katika Wilaya ya Serengeti, Ikitazamwa kutoka Machochwe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya upimaji wa ubora na usalama wa huduma za afya katika vijiji vya wilaya ya Serengeti vinavyopakana na hifadhi ya taifa. Kata ya Machochwe ndiyo mahali pa kutazamia. Data zimetokana na nyaraka za sera na tafiti zilizochapishwa kuhusu kipindi cha kuanzia miaka ya 1920 hadi 2018. Makala yanadai kwamba kila kizazi cha vipimo, kuanzia hesabu ya sindano za wakati wa ukoloni, uwiano wa zahanati kwa idadi ya watu, vitabu vya MTUHA, hadi tathmini ya nyota, kilipima kituo na yaliyotendeka ndani yake, bali hakikumfuata mgonjwa alipotoka mlangoni. Kisa cha kichaa cha mbwa kinatumika kuonyesha ukubwa wa kile kilichobaki nje ya hesabu.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2002 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makadirio kwamba watu wapatao 1,499 walikuwa wakifa kwa kichaa cha mbwa nchini Tanzania kila mwaka (Cleaveland na wenzake, 2002). Takwimu rasmi zilionyesha wastani wa vifo visivyofika 11 kwa mwaka. Tofauti hiyo, ambayo ni zaidi ya mara 100, haiwezi kuelezwa kwa uzembe wa mtu mmoja au wa ofisi moja. Madaftari yalikuwepo, yalijazwa, na taarifa zilipanda kutoka zahanati hadi wilayani, mkoani na wizarani. Waliokufa hawakuwemo kwa sababu walifia nyumbani, na daftari la zahanati halina safu ya kuandika yanayotokea nyumbani.

Swali la makala haya linaanzia hapo. Tunaposema huduma za afya zimepimwa, ni nini hasa kilichopimwa, na nani aliamua kwamba hicho ndicho kipimo? Wanahistoria wa tiba nchini Tanzania wameandika kwa kina kuhusu maradhi, kampeni na sera. Kipimo chenyewe, yaani fomu, safu, asilimia na alama, kimechukuliwa kama chombo kisicho na historia. Msimamo wa makala haya ni kwamba kipimo kina historia yake, na historia hiyo huonekana vizuri zaidi mtu akisimama mbali na ofisi kilikotungwa.

Machochwe ni mahali pa namna hiyo. Ni kata ya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakazi wake wengi ni Wakurya, wakulima na wafugaji, ambao maisha yao yamefungamana na ng'ombe, shamba na wanyamapori wanaovuka mpaka. Mbwa hufugwa kwa kulinda mifugo na boma. Mgonjwa anayehitaji huduma isiyopatikana katika kituo cha karibu hulazimika kwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya, iliko Hospitali Teule ya Nyerere inayomilikiwa na Kanisa la Mennonite. Safari hiyo ya kwenda Mugumu, pamoja na nauli yake, muda wake na uamuzi wa nani katika kaya aifanye, ni sehemu ya huduma kwa mgonjwa. Katika vipimo vingi vitakavyojadiliwa hapa, safari hiyo haimo.

Ni vema kutaja tangu mwanzo dhana mbili zinazoongoza mjadala. Ya kwanza ni ya Avedis Donabedian, ambaye mwaka 1966 alipendekeza kwamba ubora wa tiba uchunguzwe kwa kuangalia muundo (majengo, watumishi, vifaa), mchakato (kile anachotendewa mgonjwa) na matokeo (hali ya mgonjwa baadaye). Ya pili ni ya zamani zaidi na haitajwi sana katika maandiko ya Kiswahili. Daktari wa upasuaji wa Boston, Ernest Codman, alishikilia kwamba kila hospitali inapaswa kumfuatilia kila mgonjwa kwa muda wa kutosha hadi ijulikane kama tiba ilimfaa, na kama haikumfaa, iulizwe kwa nini. Katika hospitali yake ndogo aliwaruhusu wagonjwa 337 kati ya mwaka 1911 na 1916, akachapisha makosa 123 yaliyotokea katika kuwatibu. Wenzake hawakumpenda kwa hilo. Hata hivyo, wazo lake ndilo rahisi kuliko yote yaliyofuata: mfuate mgonjwa, uone alivyoishia.

2.0 Sindano kama Kipimo

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilianza kueneza zahanati ndogo za vijijini zilizoendeshwa chini ya serikali za wenyeji. Wahudumu wake walikuwa Waafrika waliopewa mafunzo mafupi ya kufunga vidonda, kutoa dawa chache na kupeleka wagonjwa mahututi hospitalini. Daktari wa Kizungu aliwatembelea kwa nadra. Kwa hiyo utendaji wao ulijulikana zaidi kwa idadi walizoziandika: wagonjwa wapya, waliorudi, vidonda vilivyofungwa.

Kampeni za kutibu buba ndizo zilizoipa idadi hizo uzito wa pekee. Sindano za dawa zenye aseniki, na baadaye bismuthi, ziliondoa vidonda vya buba kwa haraka kiasi kwamba watu walitembea mwendo mrefu kuzifuata. Taarifa za mwaka za idara ya tiba zikawa na jambo la kujivunia, yaani hesabu ya sindano zilizochomwa. Lakini kidonda kilipofunga baada ya sindano moja au mbili, wengi hawakurudi kumaliza dozi, na katika hesabu mgonjwa aliyechomwa mara moja na yule aliyepona kabisa walionekana sawa. Waganga wa wakati ule walilifahamu tatizo hili na kulilalamikia. Kipimo hakikubadilika, kwa kuwa kiliwafaa waliokisoma, yaani maofisa waliohitaji kuonyesha kwamba fedha ilitumika na watu waliitikia.

Upande wa dini, wamisionari wa Mennonite kutoka Marekani walifika Shirati, kaskazini mwa mkoa wa leo wa Mara, mwaka 1934, na kutokana na kazi yao ikakua hospitali ambayo kwa miongo mingi ilihudumia watu wa pande hizo. Hospitali za misheni zilikuwa na hesabu za namna yake, zilizoandikwa kwa ajili ya wafadhili wa kanisa ng'ambo. Nazo zilihesabu waliofika.

3.0 Uwiano, Masanduku na Damu

Uhuru ulibadili swali. Ripoti ya Richard Titmuss na wenzake kuhusu huduma za afya za Tanganyika, iliyotoka mwaka 1964, ilisisitiza huduma za vijijini, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likalipa suala hilo msukumo wa kisiasa. Serikali sasa ilijiuliza ni wangapi wasio na mahali pa kwenda. Kipimo kilichochukua nafasi ya juu kikawa uwiano: zahanati moja kwa watu 10,000 na kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000. Kwa lugha ya Donabedian, huu ni upimaji wa muundo peke yake, na ni rahisi kuubeza leo. Kwa maoni ya mwandishi, kuubeza ni kosa. Katika wilaya ambayo mtu aliweza kutembea siku nzima bila kukuta mahali pa kupimwa homa, kuwapo kwa jengo, mganga na kabati la dawa kulikuwa ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Udhaifu wa kipimo hiki ulikuja baadaye, pale ambapo jengo lilihesabiwa hata likiwa halina dawa.

Uhaba wa dawa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndio uliozaa kipimo kilichofuata. Mpango wa Dawa Muhimu, ulioanza mwaka 1983 na 1984 kwa msaada wa Denmark na UNICEF, ulipeleka vijijini masanduku ya dawa yaliyofungwa tayari, aina zilezile kwa zahanati zote. Sanduku lilipokewa, likatiwa saini, likaingia katika leja. Kwa mara ya kwanza ofisa wa wilaya aliweza kusema kwa uhakika ni zahanati ipi ilipata nini na lini. Ila sanduku lililopangwa Dar es Salaam halikujua kwamba eneo moja lina malaria kuliko jingine, wala kwamba kijiji cha mpakani mwa hifadhi kina majeraha ambayo kijiji cha mjini hakina. Dawa moja iliisha mapema, nyingine ikalundikana hadi kuharibika, na leja ikaonyesha kwamba yote yalipokelewa.

Katika miaka hiyohiyo, jirani na Machochwe, upande wa iliyokuwa wilaya ya Mara Kaskazini (leo Tarime na Rorya), kulikuwa na upimaji wa aina nyingine kabisa. Kati ya mwaka 1977 na 1982 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliendesha jaribio la kupunguza malaria kwa watoto kwa kuwapa klorokwini, kwa lengo la kujua kama kupungua kwa malaria kungepunguza limfoma ya Burkitt, saratani iliyowapata watoto wa ukanda huo. Damu ya watoto ilichunguzwa mara kwa mara, na wagonjwa wa saratani walitafutwa na kufuatiliwa. Malaria ilishuka mwanzoni, kisha ikapanda tena. Jibu kuhusu saratani halikuwa la kuridhisha. Kinachohusu makala haya ni jambo jingine: katika eneo ambalo zahanati zilihesabu watu mlangoni, watafiti walikuwa wakimfuata mtoto hadi kwao, mwaka baada ya mwaka. Uwezo wa kufuatilia ulikuwepo. Ulitumika kwa swali la saratani, na swali lilipokwisha ukaondoka na waliouleta.

4.0 Vitabu vya MTUHA

Mageuzi ya sekta ya afya ya miaka ya 1990 yalileta mambo mengi kwa pamoja: uchangiaji wa gharama kuanzia mwaka 1993, Bohari ya Dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka huohuo, kurudishwa kwa madaraka ya afya katika halmashauri, na Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaojulikana na kila mtumishi kwa ufupisho wake, MTUHA. Mfumo huu ulichukua nafasi ya fomu nyingi za miradi mbalimbali na kuweka seti moja ya vitabu vyenye namba. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje. Namba 6 ni cha wajawazito. Namba 7 ni cha watoto. Namba 12 ni cha wodi ya wazazi. Muuguzi mkunga wa kijijini husema "leta kumi na mbili" na kila mtu humwelewa.

MTUHA ilikuwa hatua kubwa, na anayeidharau hajawahi kujaribu kuandika historia ya zahanati isiyokuwa nayo. Ilikusudiwa kwamba takwimu zitumiwe kwanza na kituo chenyewe: mganga mfawidhi achore mchoro wa visa vya malaria ukutani, aone kupanda na kushuka, apange dawa. Katika utekelezaji, tafiti nyingi za mifumo ya taarifa nchini zimeonyesha kwamba takwimu zilipanda juu kwa wepesi zaidi kuliko zilivyotumika chini. Mtumishi mmoja au wawili wa zahanati, wenye foleni nje, walijaza safu jioni baada ya kazi. Katikati ya miaka ya 2010 muhtasari wa vitabu hivi ulihamia katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2, na takwimu za Machochwe zikaweza kuonekana Dodoma ndani ya mwezi mmoja. Kitabu cha karatasi kilibaki palepale mezani.

Tutazame kitabu namba 5 kwa makini kidogo. Mstari mmoja ni mahudhurio mamoja. Una jina, makazi, umri, jinsi, kama ni hudhurio jipya au la marudio, uchunguzi na tiba. Mgonjwa akipewa rufaa, rufaa huandikwa. Karatasi ya rufaa ina sehemu ya mrejesho ambayo hospitali inapaswa kuijaza na kuirudisha, na kila anayejua kazi ya zahanati za pembezoni anajua kwamba sehemu hiyo mara nyingi hairudi. Kwa hiyo mstari huishia katika neno la rufaa. Kama mgonjwa alipata nauli, kama alifika, kama alikuta dawa, kama alirudi mzima, kitabu hakijui. Mganga huenda akajua, kwa kuwa anaishi kijijini na husikia. Kile anachokijua kama mwanakijiji hakina safu katika kitabu anachokijaza kama mtumishi.

Uzazi unatoa mfano ulio wazi wa pengo hili. Utafiti wa Hali ya Idadi ya Watu na Afya, ambao huwahoji wanawake nyumbani kwao, ulionyesha kwamba nchini kote asilimia 50 ya watoto walizaliwa vituoni kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2010, na asilimia 63 kwa mujibu wa ule wa 2015 hadi 2016. Kitabu namba 12, hata kikijazwa bila kosa, kisingeweza kueleza habari za zaidi ya theluthi moja ya uzazi. Tafiti hizohizo zilikadiria vifo vya uzazi kuwa 454 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2010, na 556 katika utafiti uliofuata. Wataalamu wa takwimu hutahadharisha, kwa haki, kwamba tofauti hiyo imo ndani ya ukingo wa makosa ya kisampuli na haithibitishi kwamba vifo viliongezeka. Lakini haionyeshi pia kwamba vilipungua, ingawa wanawake wengi zaidi walikuwa wakijifungulia vituoni. Kufika kituoni kulikuwa kumefanywa lengo, kukapimwa, kukapanda. Usalama wa aliyefika ulikuwa jambo jingine.

5.0 Simba, Mbwa na Hesabu ya Waliokufa

Hesabu iliyofungua makala haya haikuanzia katika idara ya afya. Ilianzia kwa wanyamapori. Mwaka 1991 mbwa mwitu walitoweka katika eneo la Serengeti walikokuwa wakichunguzwa, baada ya vifo ambavyo baadhi vilihusishwa na kichaa cha mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa, ambao kwa kawaida huwapata mbwa, uliwaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Macho ya wahifadhi yaliwageukia mbwa wa vijiji vya pembezoni kama chanzo cha maambukizi, na mnamo Oktoba 1996 ikaanza wilayani Serengeti kampeni ya kuchanja mbwa hao.

Kwa mtazamo wa kijijini, mpangilio huu una kejeli yake. Watu wa vijiji vya mpakani wamelalamika kwa miongo mingi kwamba tembo na simba huthaminiwa kuliko wao, na katika jambo hili ni kweli kwamba simba walipokufa ndipo mbwa wao walipohesabiwa. Hata hivyo waliofaidika zaidi walikuwa watu. Kampeni ilipotathminiwa kufikia mwaka 2001, visa vya kichaa kwa mbwa wilayani vilikuwa vimepungua kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza ya chanjo na kwa asilimia 97 baada ya awamu ya pili, na majeraha ya watu waliong'atwa na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa yalishuka pia, jambo ambalo halikutokea katika maeneo jirani yasiyochanja (Cleaveland na wenzake, 2003).

Ili kupima mafanikio hayo ilibidi watafiti wajue kwanza tatizo lilikuwa kubwa kiasi gani, na hapo ndipo madaftari yalipowaangusha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Familia inayomwona mgonjwa akiogopa maji na kuweweseka haina sababu ya kulipa nauli ili akafie hospitalini, na akipelekwa, ugonjwa hufananishwa kwa urahisi na malaria ya kichwani. Kifo hiki kwa hiyo hukwepa daftari kwa njia mbili: kwa kutokea nyumbani, na kwa kubatizwa jina jingine kikitokea wodini. Watafiti waliacha kuhesabu vifo, wakaanza na kile ambacho vituo vilikiandika kwa uhakika zaidi, yaani majeraha ya kung'atwa. Kutoka hapo walikadiria hatua kwa hatua: uwezekano kwamba mbwa alikuwa na kichaa kweli, sehemu ya mwili iliyong'atwa (jeraha la kichwani ni la hatari kuliko la mguuni), na kama aliyeng'atwa alipata chanjo au la. Mwisho wa hesabu hiyo ndiyo idadi ya 1,499.

Utafiti uliofuata ulikwenda mbali zaidi, kwa maana halisi ya kwenda. Katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, Hampson na wenzake (2008) walichukua majina kutoka kumbukumbu za hospitali na taarifa za mifugo, wakawatembelea waliong'atwa makwao, wakauliza ni nani mwingine aliyeng'atwa na mnyama yuleyule, mnyama huyo alitoka wapi, na kila mmoja aliishiaje. Jina moja lilizaa jingine. Walipatikana watu waliong'atwa na mnyama mwenye kichaa na kamwe hawakufika kituoni. Walipatikana waliofika wakakuta chanjo imekwisha, au waliotajiwa bei wakarudi nyumbani kutafuta fedha. Waliochelewa au kukosa kabisa walikuwa hasa watu wa kaya maskini na wa maeneo yaliyo mbali na hospitali, na watoto walikuwa miongoni mwa walio hatarini zaidi. Hii ndiyo njia ya Codman, ingawa watafiti hao hawakuihitaji historia ya Boston ili kuifikia. Na kama ilivyokuwa kwa klorokwini miaka ishirini nyuma yake, ufuatiliaji wa kina uliingia Mara kupitia swali ambalo halikuwa la ubora wa huduma.

Swali la ubora, hata hivyo, limo ndani yake. Aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kuokolewa karibu kwa hakika: kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha apewe chanjo kwa ratiba yake yote. Kuosha kidonda kunawezekana katika zahanati yoyote, hata nyumbani. Chanjo inahitaji ubaridi na kwa kawaida huhifadhiwa hospitali ya wilaya. Kwa hiyo kifo kimoja cha kichaa cha mbwa hupita katika viungo vyote vya huduma, vikiwemo maarifa ya familia, uamuzi wa mganga wa zahanati, stoo ya chanjo, bei, barabara na siku ya kurudi. Kila kiungo kina ofisi inayokisimamia, na kila ofisi inaweza kuonyesha kwamba kwa upande wake imetimiza wajibu.

6.0 Nyota

Mwongozo wa kwanza wa taifa wa kuboresha huduma za afya ulitolewa mwaka 2004, na wa pili ukahusu kipindi cha 2011 hadi 2016. Kati ya miongozo hiyo miwili ilienea pia mbinu iliyotoka Japani na kuanzia nchini katika Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, ambayo wafanyakazi wa afya waliijua kwa maneno matano yaliyotafsiriwa kwa ustadi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mbinu hiyo ilibadili sura ya stoo na meza nyingi. Ni mojawapo ya nyakati chache ambapo lugha ya ubora ilimfikia mhudumu kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianzisha mwaka 2015 tathmini ya vituo vyote vya ngazi ya msingi, vya umma na vya binafsi, kwa kuvipa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Lengo lilikuwa asilimia 80 ya vituo vifikie nyota tatu au zaidi kufikia mwaka 2018. Wakaguzi waliangalia uongozi wa kituo na utendaji wa watumishi, uwajibikaji kwa wateja, usalama wa mazingira na miundombinu, na ubora wa huduma zenyewe. Matokeo ya awamu ya kwanza yaliishtua nchi: vituo vichache mno vilifikia nyota tatu, na vingi, hasa zahanati, vilipata moja au sifuri. Serikali iliyachapisha matokeo hayo bila kuyapamba, na hilo linastahili kutambuliwa. Awamu ya pili, ya mwaka 2017 na 2018, ilionyesha maendeleo ya wazi, ingawa lengo la asilimia 80 halikufikiwa.

Nyota zilikuwa kipimo kipana kuliko vyote vilivyotangulia. Kwa mara ya kwanza zahanati ya kijiji iliulizwa kuhusu takataka za sindano, maji ya kunawa, ubao wa matangazo wenye mapato na matumizi, na kama kuna njia ya mgonjwa kutoa malalamiko. Jibu la kawaida la swali hilo la mwisho likawa sanduku la maoni. Hapa mtu wa Mara hawezi kukosa kutabasamu. Wakurya wana iritongo, mkutano wa hadhara ambamo jambo linalogusa jamii husemwa mbele ya wote na kujibiwa papo hapo. Sanduku la mbao lenye kufuli, linalotaka malalamiko ya maandishi yasiyo na jina, liliwekwa ukutani katika jamii ambayo tayari ilikuwa na utaratibu wake wa kuuliza na kuwajibisha. Kamati za zahanati, zenye wajumbe waliochaguliwa na wanakijiji, ziko karibu zaidi na utaratibu huo. Lakini katika orodha ya mkaguzi kamati huthibitishwa kwa muhtasari wa vikao, na sanduku kwa kuwepo kwake.

Nyota, kama uwiano na masanduku kabla yake, hupewa kituo. Zahanati inaweza kupanda nyota moja kwa haki kabisa, kwa usafi, uongozi na kumbukumbu, katika mwaka ambao mtoto aling'atwa, akaandikiwa rufaa kwa usahihi, na asifike Mugumu. Kinyume chake pia kinawezekana: zahanati ya nyota sifuri, isiyo na tanuri la kuchomea taka wala uzio, ambayo mganga wake alipanda pikipiki kumfuata mgonjwa aliyekosa dozi.

Kusini mwa nchi, kuanzia mwaka 2011, watumishi wa afya na wa mifugo walianza kutuma taarifa za majeraha ya mbwa na chanjo zilizotolewa kwa simu za mkononi, katika mfumo uliojengwa na watafiti wakishirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara. Mfumo huo uliunganisha dozi za mtu mmoja na kumkumbusha mgonjwa tarehe ya kurudi. Vitabu vya kawaida vya Serengeti havikujengwa hivyo, na tofauti yake inaonekana katika kalenda. Ratiba iliyotumika kwa muda mrefu ilikuwa ya dozi tano: siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Mtu wa Machochwe aliyepata dozi ya kwanza Machi 20 alitakiwa kurudi Mugumu Machi 23, Machi 27, Aprili 3 na Aprili 17. Katika muhtasari wa mwezi, dozi tatu za mwanzo ni za Machi na mbili za mwisho ni za Aprili. Kama hakurudi Aprili, taarifa ya Machi haibadiliki, na ya Aprili haina mahali pa kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepaswa kuja.